Mwaka Nyumba Yetu Ilipoandikwa Tupu

Harufu ninayoikumbuka kwanza katika mji wa Pate ni ya tumbaku mbichi. Haikutoka mashambani, ilitoka ndani ya nyumba. Katika mtaa wetu nyumba nyingi za mawe zilikuwa zimeanguka mapaa, na watu waliobaki walilima humo humo, wakapanda tumbaku katika vyumba ambavyo zamani watu walilala, kwa sababu kuta ziliwazuia mbuzi na punda, na udongo uliochanganyika na chokaa ya zamani uliifaa mimea ile. Majani yalipovunwa yalianikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mbele ya vidaka vya ukutani vilivyochorwa maua kwa ajili ya vyombo vya harusi. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane. Sina hakika, maana hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Lakini nakumbuka kwamba nikitoka mlangoni kwetu kuelekea msikitini nilipita nyumba tisa za tumbaku kabla sijafika kwenye nyumba ya watu.

Nyumba yetu ilikuwa bado na paa. Tulikuwa wanne ndani yake: Bibi yangu mzaa baba, ambaye mji mzima ulimwita Mwana Zena, mama yangu Bi Aziza, mimi, na ndugu yangu Shee, aliyekuwa ameachishwa ziwa mwaka huo na aliyetembea kwa kushika ukuta. Baba alikuwa amekufa kwa ndui kabla Shee hajazaliwa. Ndugu wa baba, Ami yetu, alikuwa amehamia Amu, yaani Lamu, kufanya biashara, na kwa kawaida ya mji yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye nyumba. Alituletea mchele mara mbili kwa mwaka. Biashara yake ikilala, hakuleta, na hakuna mtu aliyemlaumu, kwa kuwa alikuwa na watoto wake.

Lazima nieleze wazi jinsi tulivyokuwa tukila kabla ya hapo, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Tulikuwa na shamba nje ya mji, na shamba lile lililimwa na watumwa. Bibi alijua kupima mtama kwa pishi, alijua kuuhifadhi usiingiwe na fukusi, na akiutazama alijua ni wa mwaka gani, lakini hakuwa amewahi kuona unavyopandwa. Sheria ilipotangaza kwamba hakuna mtumwa tena, waliokuwa wakitulimia walijitafutia vipande vyao vya ardhi pembeni mwa mji, wengine wakaenda Mombasa, na shamba likawa pori ndani ya misimu michache. Kitu kingine kilichoondoka nao ni shiraa. Mwanamke wa nyumba kama yetu hakutembea nje ila ndani ya shiraa, yaani kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa miti na wajakazi, yeye akienda katikati bila kuonekana hata kivuli chake. Miti ya shiraa yetu ilikuwa imelazwa kwenye kona ya ukumbi, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuibeba, Bibi na Mama walikuwa hawajatoka mlangoni kwa muda ambao mimi niliuona kuwa ni maisha yote.

Mwaka ninaousimulia, mvua ya masika ilinyesha siku chache ikakatika, na ile ya vuli haikuja kabisa. Waliokuwa na nguvu ya kulima walikuwa wamepanda tumbaku zaidi ya mtama, kwa sababu tumbaku iliuzika, na sasa walikuwa na majani mengi ambayo hayaliki. Mchele wa Ami haukuja. Mimi ndiye niliyeweza kutoka, kwa kuwa nilikuwa bado msichana mdogo. Nilikwenda na watoto wengine kwenye matope ya pwani, maji yakitoka, kuokota chaza na kaa wadogo, na nilichuma mchunga ulioota kwenye magofu. Mama aliuchemsha mara mbili kupunguza uchungu. Shee aliutema, akafungua tena mdomo, akautema tena. Ladha ile ninayo mpaka leo, na mchunga hauingii jikoni kwangu.

Ndipo wafanyabiashara kadhaa wa Amu walipochanga mtama kwa ajili ya Pate, kama sadaka. Walimtuma karani wao aandike kwanza watu wa mji, nyumba kwa nyumba, ili ijulikane ni magunia mangapi yatakayotosha na kila mlango upewe nini. Karani alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi, na alitembea na mzee wa mji ili aonyeshwe milango. Walifika kwetu asubuhi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, jicho langu likiwa kwenye ufa wa mbao, na nyuma yangu walisimama Mama na Bibi.

"Hodi!" karani aliita. "Hodi wenyewe! Nani mwenye nyumba?"

Mzee wa mji alimwambia kwamba mwenye nyumba yuko Amu.

"Na ndani mna nani?"

Mzee alitazama chini. "Bwana, hii ni nyumba ya heshima. Sauti ya mwanamke wa humu haitoki kwa mwanamume asiyemhusu."

"Basi na mtama hauingii," alisema karani. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. Kisha akapaza sauti ili tumsikie. Alisema kwamba katika mji mwingine aliambiwa kuna watu ndani ya majumba, akawaandika kwa kuamini, na baadaye mtama wao ulikutwa dukani ukiuzwa. Tangu siku hiyo alikuwa anamwandika yule tu anayemwona kwa macho au anayemsikia kwa masikio. "Si lazima mtu atoke. Akohoe tu, nitamwandika. Haya, hodi ya tatu hii."

Nilimsikia Mama akivuta pumzi. Bibi aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa Mama, wala si kwa nguvu, jinsi unavyomfunika mtu anayelala. Shee alikuwa ameanza kunung'unika, na Bibi alimtia kokwa ya tende mdomoni ili anyonye anyamaze. Kisha alinitazama mimi. Mimi nilikuwa mtoto wa kutoka. Jana yake nilikuwa nimecheza njiani mbele ya wanaume wa mji, na kama ningekohoa nisingeivunja heshima ya mtu yeyote. Lakini Bibi alinitazama, nami nikashika pumzi.

"Tupu," alisema karani, akaandika. Walipokuwa wakiondoka alimwambia mzee maneno ambayo niliyasikia vizuri, kwa kuwa walisimama kidogo kwenye gofu la jirani ili karani anuse jani la tumbaku. "Tatizo lenu watu wa visiwa hivi ni moja," alisema. "Mnazaa bila kipimo, na nti, ardhi hii, ni ile ile. Watu wamekishinda chakula." Aliyasema hayo akiwa amezungukwa na vyumba vitano visivyo na mtu.

Mashua ya mtama ilifika baada ya wiki mbili. Ugawaji ulifanyika uwanjani karibu na msikiti, na Mama alinipa kikapu kikubwa kuliko nguvu zangu. Karani alikuwa ameketi juu ya gunia, karatasi magotini. Aliniuliza natoka nyumba gani, akafuata mistari kwa kidole.

"Nyumba hii imeandikwa tupu."

"Mimi natoka huko," nilisema. "Mimi hapa."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Yeye hakucheka. "Sasa nakuona," alisema. "Siku ile sikukuona. Nikimwongeza mmoja asiyeandikwa, kesho watakuja kumi kutoka Siu na Faza, nao watasema wao hapa." Aliita mlango uliofuata. Mzee wa mji alinivuta kando, akanimiminia vibaba viwili kutoka fungu lake, akaniambia nimwambie Bibi kwamba orodha nyingine huenda ikaandikwa. Hakunitazama usoni. Orodha nyingine haikuandikwa.

Aliyefuata kuja mlangoni kwetu alikuwa Majuma. Zamani Majuma alikuwa mtumwa shambani kwetu, na mama yake kabla yake. Sasa alikuwa na kibanda cha makuti nje ya mji na watoto wanne. Karani alipopita kwake alikuwa amewapanga watoto mstari mmoja mbele ya mlango, wamepakwa mafuta, na majirani walisema kama asingezuiliwa angemsimamisha na paka. Aliingia mpaka ukumbini, akakaa juu ya mkeka bila kungoja kuambiwa, na hilo peke yake lilimfanya Bibi anyooshe mgongo.

"Nimekuja kuwatazama wasiokuwapo," alisema Majuma. "Leo mimi ni watu watano, Mwana, na nyinyi wanne si hata mmoja."

"Umekuja kunicheka, Majuma?"

"Nimekuja kukucheka na kukuletea mtama. Kucheka ni bure. Mtama una sharti lake." Aliweka mfuko mdogo mbele ya magoti yake. Shamba letu la zamani, alisema, alikuwa ameanza kulisafisha upande mmoja, wala hakuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu pori halina mwenyewe. Ardhi ilikuwa nyingi. Alichokosa ni mikono, na mvua haikuwa mbali. Bi Aziza aje alime naye, na kila siku ya kazi atarudi na kibaba kimoja, na msimu ukijaliwa, watagawana.

Bibi alisema mtoto wa watu hashiki jembe.

"Na mimi nilikuwa mtoto wa nani?" aliuliza Majuma.

Nakumbuka Mama akiitazama mikono yake. Bibi alisema, "Chukua mtama wako." Majuma alisimama, akajifunga leso, na alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Mwana, nyinyi hamkuwa mkila mtama. Mlikuwa mkila mikono yetu. Sasa mikono imeondoka, mnasema mtama umeondoka." Mfuko aliuacha pale pale. Mama alimpikia Shee uji wa mtama ule, na Bibi alikataa hata kuonja.

Siku kumi na mbili zilipita hivyo. Nazijua kwa sababu Mama alizitaja mara nyingi baadaye, akizirudia kama mtu anayetafuta kosa katika hesabu. Vibaba vya mzee wa mji viliisha, mfuko wa Majuma ukaisha, tukarudi kwenye mchunga na chaza. Siku ya tisa Shee alianza kuhara. Siku ya kumi na tatu, jua lilipokwisha kupanda, Mama alijifunika leso mbili, moja kichwani na moja kiunoni, akafungua mlango wa mbele. Hapakuwa na shiraa. Alisimama kizingitini kidogo, mkono mmoja ukiwa bado umeshika ubao, kama mtu anayepima kina cha maji, kisha akaenda. Bibi aliugeuzia uso ukuta. Jioni Mama alirudi na kibaba cha mtama ndani ya pindo la leso, na viganja vyake vilikuwa vimefanya malengelenge yaliyopasuka. Niliyaosha kwa maji ya chumvi. Alilia, nami nilidhani analia kwa sababu ya mikono.

Alifanya kazi siku sita. Siku ya saba hakwenda, kwa kuwa Shee alikufa alfajiri.

Sisemi kwamba ndugu yangu aliuawa na njaa. Alikufa kwa kuhara, na kuhara kuliwachukua pia watoto waliokuwa wameandikwa na kupewa mtama. Lakini wengi wa walioandikwa waliugua wakapona, na watoto wote wanne wa Majuma, ambao tuliokota nao chaza kwenye matope yale yale, waliugua wakapona. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na sijaweza kulisogeza zaidi ya hapo. Uji wa siku kumi na mbili ungeweza kumsaidia. Sijui kama ungemwokoa.

Mvua ilikuja mwezi uliofuata, nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Mama alikuwa amemaliza siku zake za matanga na kurudi shambani kwa Majuma, na sasa alimwita Bi Majuma, neno ambalo mwanzoni lilimkwama kooni na baadaye likamtoka kama jina lolote. Alijifunza kupanda, kupalilia, kukaa juu ya dungu na kuwafukuza ndege kwa mawe ya teo. Mtama ulipovunwa, fungu letu lilijaza mtungi mkubwa na kikapu kimoja juu yake. Bibi aliupima wote kwa pishi, kama alivyokuwa akifanya zamani, na hakusema chochote kuhusu ulikotoka. Siku chache baadaye muuza chumvi, mtu mgeni kabisa kutoka upande wa bara, alipiga hodi mlangoni kwetu. Kabla Mama hajainuka, Bibi aliitika kutoka ndani kwa sauti iliyosikika mpaka njiani: "Tupo! Tupo watu humu!" Muuza chumvi alishtuka akarudi nyuma. Tangu siku ile mpaka alipokufa, Bibi aliitika kila hodi, hata iliyopigwa mlango wa jirani.

Nilipokuwa mkubwa niliolewa Amu na mwenye duka, mtu wa subira, na herufi za Kilatini nilijifunza mwenyewe kutoka magazeti yaliyofungia sukari. Kwa njia hiyo nimesoma mengi juu ya umaskini. Nimesoma kwamba maskini ni maskini kwa sababu wanazaa kuliko ardhi inavyoweza kuwalisha. Nimesoma pia kwamba ni kwa sababu ya uvivu, na katika mawaidha nimesikia kwamba ni adhabu ya dhambi au mtihani wa subira. Sina elimu ya kubishana na waandishi hao, na huenda ziko nchi ambako walichosema ni kweli. Mimi najua mji mmoja. Nilirudi Pate nikiwa mtu mzima, na kwa kuwa sipendi kusema nisilolipima, nilitembea mtaa kwa mtaa nikiandika nyumba zenye paa na zisizo na paa, na kuwauliza wazee nani alikaa wapi. Wote walikubaliana katika jambo moja: mji ulipokuwa na watu wengi ulikula, na kadiri watu walivyopungua ndivyo njaa ilivyozidi. Hakuna aliyekumbuka ardhi ikikosekana. Lakini nisingependa msomaji adhani nausifu wakati ule wa kula. Tulikula kwa sababu watu kama Majuma hawakuwa na mlango wao wa kubishiwa hodi. Umaskini wetu ulianza siku haki yao ilipoanza, na mtu akiniuliza kama ningeirudisha nyuma haki yao ili tushibe tena, sina haja ya kufikiri: hapana.

Leo nikikaa dukani Amu naona mchele kutoka ng'ambo umepangwa magunia juu ya magunia. Wasichana wa nyumba zenye vidaka huenda wenyewe sokoni na kubishana bei na wachuuzi, na hakuna anayeona ajabu. Hata hivyo kila siku mtu huja kuomba apimiwe kidogo mpaka mwezi uandame, na mchele uko pale pale mbele ya macho yake. Mjomba wa mume wangu, mzee aliyekuwa hamali katika ujana wake, huja kula nasi siku za Ijumaa. Ijumaa moja, tukizungumza habari za ukame, alisema kwamba aliwahi kubeba mtama wa sadaka kwenda Pate, zamani sana, pamoja na karani mmoja mwenye kikohozi. Alicheka alipokumbuka. Walipakia mtama kulingana na orodha, alisema, na wenye maghala wakaongeza kidogo kwa ajili ya kupunguka njiani. Haukupunguka. Kila aliyeandikwa alipewa haki yake, na bado yalibaki magunia matatu, wakayarudisha Amu, na karani akasifiwa na wakubwa wake kwa uaminifu. "Watu wa Pate," alisema mzee, akijipakulia tena, "walikuwa wachache kuliko mtama."

Wakati huo Mama alikuwa akiishi nasi, chumba cha juu. Kusikia kwake kulikuwa kumepungua, na hakuyapata maneno yale. Ameshafariki sasa, na ndiyo sababu nimeweza kuandika haya. Katika miaka yake ya mwisho alipenda kuulizia mambo ya zamani wakati nikimpelekea chakula, na baada ya Ijumaa ile alilirudia swali ambalo alikuwa ameniuliza mara nyingi. Alilishika tonge mkononi bila kulipeleka mdomoni.

"Mwaka ule chakula hakikuwako kabisa, au siyo?" alisema. "Hata tungeitika, mwanangu, kingetoka wapi?"

Niliutazama mkono wake. Nikamwambia, "Hakikuwako, Mama." Naye akala.